Kodi Zisizo za Mapato Katika Hesabu za Kampuni ya Gesi

Na Mwanafunzi wa Kidato cha Nne

Wahenga walisema, "Mali bila daftari hupotea bila habari." Katika madarasa ya hesabu za biashara twafundishwa kuandika daftari la duka: fedha zilizoingia, fedha zilizotoka, na baki ambayo ndiyo faida. Duka ni mwanzo mzuri. Lakini ziko biashara zenye mambo yasiyoonekana dukani, na mojawapo ni kampuni ya gesi inayopitisha mabomba chini ya barabara za mji na kupeleka moto katika kila jiko. Katika makala haya nitaeleza sehemu moja tu ya hesabu za kampuni hiyo, nayo ni kodi ambazo si kodi ya mapato. Kwa macho ni mstari mmoja katika ukurasa, walakini mstari huo unajibu swali kubwa: kodi inapotozwa kampuni, ni nani hasa anayeilipa?

Mfano wangu nimeutoa Marekani, hasa jimbo la Illinois lenye jiji la Chicago, kwa sababu huko biashara ya gesi ya mjini ni ya zamani na hesabu zake huandikwa kwa utaratibu uliowekwa na serikali. Kampuni ya kwanza ya gesi nchini humo ilianzishwa Baltimore mwaka 1816, miaka minne baada ya ile ya London. Kampuni ya Peoples Gas ya Chicago ilipewa hati yake mwaka 1855, na mpaka leo mabomba yake yanapeleka gesi katika jiji hilo.

1. Jinsi bei ya gesi inavyopangwa

Mwenye duka akipandisha bei ya sukari kupita kiasi, mnunuzi huvuka barabara akaenda duka la pili. Kwa gesi sivyo. Haifai mji mmoja uchimbwe mitaro na kampuni tano, kila moja na mabomba yake. Kwa hiyo kampuni moja hupewa eneo lake, na serikali huweka tume ya kuchunguza bei ili kampuni isimkamue mnunuzi asiye na mahali pengine pa kwenda. Huko Illinois kazi hiyo hufanywa na Tume ya Biashara ya Illinois.

Tume hutumia kanuni ambayo mwanafunzi yeyote aweza kuielewa. Fedha zinazotakiwa kwa mwaka ni jumla ya mambo haya: gharama za uendeshaji na matengenezo, uchakavu wa mabomba na mitambo, kodi zisizo za mapato, kodi ya mapato, na faida ya haki kwa waliotoa mtaji. Faida hiyo hupatikana kwa kuzidisha thamani ya mali inayotumika kwa kiwango kilichokubaliwa na tume.

Tuchukue kampuni ya mfano yenye wateja 100,000. Bei ya gesi yenyewe tuiweke kando, maana huko Illinois kampuni humtoza mteja bei ile ile iliyonunulia gesi, bila kuongeza faida. Hesabu hii basi ni ya kazi ya kuisafirisha na kuigawa tu, kwa dola:

Uendeshaji na matengenezo: 39,500,000
Uchakavu: 12,000,000
Kodi zisizo za mapato: 6,000,000
Kodi ya mapato: 2,000,000
Faida ya mtaji (7 kwa mia ya 150,000,000): 10,500,000
Jumla: 70,000,000

Tukigawanya jumla hiyo kwa wateja 100,000, kila mmoja atalipa wastani wa dola 700 kwa mwaka. Katika hizo, dola 60 ni za kodi zisizo za mapato. Mteja hakupewa karatasi ya kodi wala hakusimama katika foleni ya mtoza kodi. Amelipa alipokuwa akilipia moto wa kupikia.

2. Kodi hizi ni zipi?

Kodi ya mapato huhesabiwa baada ya faida kujulikana. Pasipo na faida, haipo. Kodi ninazozieleza mimi haziulizi habari ya faida. Kampuni ipate au ikose, kodi hizi zinadaiwa. Zinafanana na kodi ya pango la duka: mwenye nyumba huja kudai mwisho wa mwezi, hata kama hukuuza hata kibiriti kimoja. Ndiyo sababu huhesabiwa kuwa gharama ya kazi yenyewe. Makundi makubwa ni manne.

(a) Kodi ya ardhi na majengo. Kampuni ina ofisi, karakana, maghala na viwanja, navyo hutozwa kodi kama mali ya mtu mwingine yeyote. Katika Illinois kodi hii ndiyo tegemeo kubwa la serikali za mitaa, na sehemu yake kubwa kuliko zote huenda katika shule.

(b) Kodi ya mtaji uliowekwa. Zamani jimbo la Illinois lilitoza kodi juu ya mali zinazohamishika za kampuni. Katiba ya jimbo hilo ya mwaka 1970 iliamuru kwamba kodi hiyo ifutwe kabla ya tarehe 1 Januari, 1979 au siku hiyo hiyo, na kwamba zitafutwe fedha nyingine za kujaza pengo. Mojawapo ya kodi zilizoletwa kujaza pengo hilo ni hii ya mtaji, ambayo kampuni za gesi hulipa kwa kiwango cha asilimia 0.8. Kampuni yenye mtaji wa dola 100,000,000 hulipa dola 800,000 kila mwaka.

(c) Kodi ya mishahara kwa upande wa mwajiri. Sheria ya mwaka 1935 ilianzisha mfuko wa kuwatunza wazee wa Marekani, na makato yakaanza mwaka 1937. Leo mwajiri hulipa asilimia 6.2 ya mshahara kwa mfuko huo, mpaka kikomo cha mshahara kinachopangwa kila mwaka, na asilimia 1.45 kwa matibabu ya wazee. Jumla ni asilimia 7.65. Mfanyakazi naye hukatwa kiasi kama hicho, lakini makato yake si gharama mpya ya kampuni, maana yametoka katika mshahara uliokwisha kuandikwa.

(d) Kodi juu ya mauzo ya gesi. Illinois hutoza senti 2.4 kwa kila themu ya gesi, au asilimia 5 ya fedha zilizopokewa kwa mteja, na kinachochukuliwa ni kiwango kilicho kidogo kati ya hivyo viwili. Themu ni kipimo cha joto. Ni joto la kutosha kuchemsha kama lita 300 za maji, laiti joto lote lingeingia majini lisipotee hewani.

Tujaribu hesabu. Nyumba moja imetumia themu 120 na kulipa dola 108. Asilimia 5 ya 108 ni dola 5.40. Senti 2.4 mara 120 ni dola 2.88. Kodi itakuwa dola 2.88. Ikiwa gesi imeshuka bei na malipo ya themu zile zile 120 ni dola 48 tu, asilimia 5 ni dola 2.40, nayo ndiyo itakayotozwa. Mpaka kati ya njia hizo mbili ni bei ya senti 48 kwa themu, maana asilimia 5 ya senti 48 ni senti 2.4 kamili.

3. Mahali pa kuandika

Serikali kuu ya Marekani imeweka orodha ya hesabu kwa kampuni za gesi zilizo chini ya tume yake ya nishati, na kila hesabu ina namba yake. Gharama za uendeshaji ni namba 401, matengenezo 402, uchakavu 403. Kodi zisizo za mapato zinazohusu kazi ya gesi zina namba 408.1, na kodi ya mapato 409.1. Baada ya hizo huchorwa mstari, na kinachobaki ndicho pato la kazi ya gesi. Kilicho juu ya mstari kwa kawaida huingia katika bei anayotozwa mteja. Kilicho chini ya mstari hubaki mzigo wa wenye hisa, isipokuwa tume iamue vingine.

Hapa ndipo mwandishi wa hesabu anapotakiwa kuwa macho, kwa kuwa kodi moja yaweza kuwa na mahali zaidi ya pamoja.

Kwanza, kodi ya kiwanja kisichohusu kazi ya gesi haiingii katika 408.1. Ina namba yake, 408.2, iliyo chini ya mstari. Kama kampuni ina shamba ililonunua kwa ajili ya biashara nyingine, mpishi wa Chicago hana sababu ya kulilipia kodi.

Pili, kodi ya mishahara hufuata kazi ya mfanyakazi. Fundi mwenye mshahara wa dola 50,000 huifanya kampuni ilipe asilimia 7.65, yaani dola 3,825. Ikiwa miezi minane alitengeneza mabomba ya zamani na miezi minne alijenga bomba jipya, theluthi moja ya kodi, dola 1,275, huongezwa katika thamani ya bomba jipya, na dola 2,550 zilizobaki ndizo gharama ya mwaka. Zile 1,275 hazikupotea. Zitarudi kidogo kidogo kwa njia ya uchakavu, na kwa muda wote huo mteja atazilipia faida vile vile kama sehemu ya mtaji.

Tatu, kodi iliyolipwa wakati wa kununua vifaa au mafuta ya magari hufuata vifaa hivyo. Haitengwi peke yake. Nne, riba inayotozwa kwa kodi iliyocheleweshwa haiandikwi pamoja na kodi, bali huandikwa na riba nyingine.

Tano, ni jambo la wakati. Katika wilaya ya Cook, ilipo Chicago, kodi ya ardhi na majengo ya mwaka mmoja hulipwa mwaka unaofuata. Je, iandikwe mwaka gani? Walimu wetu hutufundisha kwamba gharama ni ya mwaka ule iliotumikia, si ya siku fedha zilipotoka sandukuni. Kwa hiyo kampuni huandika kodi hiyo kama gharama ya mwaka wake, na upande wa pili huandika deni kwa serikali mpaka siku ya kulipa.

4. Kodi ya kampuni na fedha za amana

Yako makosa ambayo wengi hufanya wanaposoma hesabu hizi. Huona neno kodi wakadhani kila kodi ni gharama. Hebu tutazame aina mbili.

Ikiwa sheria yasema kwamba mnunuzi ndiye anayetozwa, na kampuni ni mkusanyaji tu, fedha hizo si pato la kampuni wala si gharama yake. Ni amana. Kampuni ni kama karani wa shule anayekusanya michango ya safari ya darasa: sanduku limejaa, lakini yeye hajatajirika. Lakini ikiwa sheria yasema kwamba kampuni ndiyo inayotozwa, basi kodi ni gharama yake, hata kama imeruhusiwa kumrudishia mteja mzigo huo. Kodi ya mauzo ya gesi ya Illinois ni ya namna hii ya pili. Sheria inaitoza kampuni, lakini pia inairuhusu kuongeza kiasi hicho katika ankara ya mteja kwa mstari wake peke yake.

Tofauti hii ina faida kwa mteja. Kodi iliyo katika mstari wake huonekana, na mtu aweza kumwuliza mbunge wake habari zake. Kodi ya mtaji na ya majengo zikiwa zimechanganywa ndani ya bei, hazionekani. Dola 60 za mfano wetu hakuna aliyeziona.

5. Asilimia 5 inapozidi asilimia 5

Tuseme serikali hutoza asilimia 5 ya fedha zote anazolipa mteja, pamoja na fedha za kodi yenyewe. Kampuni inahitaji ibaki na dola 100. Imtoze mteja kiasi gani? Wengi watajibu 105. Sivyo. Asilimia 5 ya 105 ni 5.25, na ukiitoa katika 105 inabaki 99.75. Kampuni imepungukiwa senti 25.

Njia iliyo sawa ni kugawanya. Anayetozwa 5 kwa mia hubaki na 95 kwa mia. Basi 100 gawanya kwa 0.95 ni 105.26. Kodi ni 5.26, na zilizobaki ni 100 kamili. Kwa mteja mmoja tofauti ni senti 26. Kwa kampuni inayohitaji dola 70,000,000 tofauti hiyo inazidi dola 180,000. Haba na haba hujaza kibaba.

6. Kodi inapobadilika katikati ya safari

Bei ya gesi haibadilishwi kila wiki. Tume husikiliza hoja, huchukua hesabu za mwaka mmoja kuwa kipimo, kisha hutoa bei itakayotumika mpaka shauri lingine. Kodi za majengo, lakini, hubadilika kila mwaka.

Turudi kwenye kampuni yetu ya mfano. Bei ilipangwa kwa kodi ya dola 6,000,000. Mwaka uliofuata serikali ya mtaa ikaongeza, kodi ikawa 7,000,000. Mteja anaendelea kulipa bei ile ile. Tukiacha hesabu ya kodi ya mapato kando, faida ya wenye hisa imeshuka kutoka 10,500,000 hadi 9,500,000. Kodi ikishuka hadi 5,000,000, mambo hugeuka: mteja anaendelea kulipia kodi isiyodaiwa tena na yeyote, na milioni moja inabaki kwa wenye hisa.

Ili kuondoa dhuluma ya pande zote mbili, katika jimbo la New York mipango mingi ya bei imeruhusu sehemu kubwa ya tofauti hiyo kuwekwa kando, ikisubiri kudaiwa kwa wateja au kurudishwa kwao. Lakini dawa hii nayo ina ubaya wake. Kampuni inayojua kwamba kila senti ya kodi itarudishwa haina haja ya kwenda kumpinga mthamini aliyekadiria majengo yake kupita kiasi. Kwa hiyo ni busara kuiachia kampuni sehemu ndogo ya tofauti, ili nayo iwe na sababu ya kupigania tathmini ya haki.

7. Je, ni haki mteja alipe?

Mahakama Kuu ya Marekani ililigusa swali hili mwaka 1922, katika shauri la kampuni ya tramu za umeme na mji wa Galveston, Texas. Jaji Brandeis aliandika kwamba katika kupima kama bei ni ya haki, kodi zote zitakazodaiwa hutolewa kwanza, na kwamba kwa jambo hili kodi ya mapato haina tofauti na kodi nyingine. Sababu yake yaeleweka. Mtu aliyeweka fedha zake katika mabomba hahesabu faida kabla ya kulipa serikali.

Hata hivyo yapo ya kufikiri. Kodi ya mapato humpata mwenye nacho zaidi. Kodi iliyo ndani ya bei ya gesi humpata anayewasha moto, tajiri au maskini, kwa kadiri ya moto wake. Mjane anayepasha nyumba joto katika baridi ya Chicago hulipa senti 2.4 zile zile kwa themu kama mwenye jumba kubwa, na yeye hawezi kuacha kuwasha. Kwa upande mwingine, fedha za kodi ya majengo ndizo zinazolipa walimu wa watoto wake. Kwa hiyo siwezi kusema kwamba kodi hizi ni mbaya. Nasema kwamba yafaa zionekane, ili watu wanapokubali shule mpya au barabara mpya wajue kwamba sehemu ya gharama itakuja kwa njia ya jiko.

8. Na sisi je?

Gesi ya Songo Songo iligunduliwa mwaka 1974 na ikafika Dar es Salaam kwa bomba mwaka 2004. Bomba kubwa kutoka Mtwara lilianza kazi mwaka 2015. Sehemu kubwa ya gesi hiyo huzalisha umeme, na bei za huduma zake husimamiwa na EWURA. Kodi zetu zina majina mengine, lakini maswali ni yale yale. Ushuru wa huduma wa halmashauri hutozwa juu ya mauzo bila kuuliza faida. Tozo ya kuendeleza ufundi stadi hulipwa na mwajiri juu ya mishahara. Kodi ya Ongezeko la Thamani hukusanywa na muuzaji kwa ajili ya serikali. Mwanafunzi aliyefuata somo hili aweza sasa kuzipanga tatu hizo mahali pake: mbili ni gharama ya kampuni, na ya tatu ni amana.

Basi, jibu la swali tuliloanza nalo ni hili. Jina lililo katika stakabadhi ya kodi halitoshi kutuambia ni nani aliyelipa. Tazama kodi imeandikwa wapi. Ikiwa juu ya mstari, na bei imepangwa kwa kiasi chake, amelipa mteja. Ikiwa chini ya mstari, au imepanda baada ya bei kupangwa, amelipa mwenye hisa. Ikiwa imetiwa katika thamani ya bomba, watalipa hata wateja ambao leo hawajazaliwa.

Maswali ya kujipima

1. Nyumba imetumia themu 90 na kulipa dola 36. Tafuta kodi kwa kanuni ya Illinois.
2. Fundi ana mshahara wa dola 40,000. Robo ya mwaka alijenga bomba jipya. Ni kiasi gani cha kodi ya mwajiri kitaandikwa kuwa gharama ya mwaka?
3. Kodi ni asilimia 4 ya fedha zote zinazopokewa. Kampuni inahitaji ibaki na dola 240. Imtoze mteja kiasi gani?

Majibu: (1) Dola 1.80, kwa kuwa senti 2.4 kwa themu zingekuwa dola 2.16. (2) Dola 2,295 kati ya 3,060. (3) Dola 250.